Mgeni wa Kipindi cha Tano

Alhamisi ile niliamka nikijipenda, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimebakiza wiki mbili tu za mazoezi ya kufundisha pale Chamwino. Wanafunzi wa kidato cha pili B walikuwa wananielewa, bega langu la kulia lilikuwa limeacha kuuma, na keshokutwa yake, Jumamosi, wazee wa Yahaya walikuwa wapeleke barua ya posa kwa baba yangu Kondoa. Nilijitazama kwenye kioo, nikafunga ushungi wangu wa rangi ya zambarau, nikajiambia, “Naima, leo usimwogope mtu.”

Yahaya ndiye aliyenifanya niwe hivyo. Tulikutana mwaka jana pale Dodoma mjini, nilipokuwa nasaka gari la kunibebea kayaki yangu, mtumbwi mwembamba wa mashindano, mpaka Bwawa la Mtera. Madereva wanne walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nimepotea njia ya kwenda Tanga. Wa tano alishuka kwenye pikapu iliyojaa harufu ya mafuta ya alizeti, kijana mrefu, mpole wa macho, akaanza kufunga kamba bila kuuliza lolote. Kayaki ilipokaa sawa ndipo akasema, “Sasa dada, hiki ni nini?” Tangu siku hiyo hakuna Jumamosi aliyokosa. Mimi naingia majini, wavuvi wananielekeza viboko walipo niwakwepe, na yeye anakaa ufukweni na chupa ya kahawa ya tangawizi, ananishikia saa kwa simu yake. Nikitoka nimelowa na kuchoka, ananitazama kwa namna ambayo sitaki kuielezea yote hapa.

Bahari niliijulia Tanga, nilikopelekwa kwa shangazi yangu Swaumu kusoma kidato cha tano na cha sita. Niliondoka Kondoa sijui hata kuogelea kwenye pipa, nikarudi na medali mbili za kupiga kasia. Mwezi uliofuata kulikuwa na mashindano Tanga, kilomita ishirini, na nilikuwa nimejiandikisha.

Familia ya Yahaya haikuipenda habari hiyo toka mwanzo. Mke wa mtu, mwalimu, Mrangi wa milimani, anakwenda kushindana majini mbele za watu? Hata nilipowaonyesha picha ya vazi langu, lililofunika kuanzia nywele hadi kifundo cha mguu, mama yake aliirudisha simu bila kuitazama mara ya pili. Kisha Yahaya akaniambia, “Usijali, nimeshazungumza nao. Yamekwisha.” Nami nikaamini yamekwisha.

Sasa basi, saa tano, wakati wa chai, simu yangu ikatetemeka. Sisi wanachuo wa Chimwaga tuliotawanywa mashuleni tuna kundi la WhatsApp, na kazi yake kubwa ni kupeana taarifa mkufunzi wa kutukagua anapoonekana. Wakufunzi hawabishi hodi siku moja kabla. Wanatokea tu, wanakaa nyuma ya darasa, wanakupa alama zinazokwenda chuoni. Safari hii walikuwa wameletwa wa vyuo vingine, sura zao hatukuzijua. Ujumbe ulisema: “Ameonekana stendi ya Chamwino. Mzee, koti la kahawia, ana faili. Jipangeni.”

Nilimwonyesha Mwalimu Yudith, mlezi wangu pale shuleni, mama wa Kigogo asiyejua haraka ni kitu gani. Akasoma, akamaliza chai yake kwanza.

“Andalio la somo liko wapi?” akauliza.

“Hili hapa.”

“Zana?”

“Mabeseni mawili yako juani tangu asubuhi. Na kasia langu.”

“Kasia?” Akanitazama juu ya miwani. “Haya mwanangu. Akifika namleta mwenyewe.”

Kipindi cha tano kilipoanza, mlango ukafunguliwa. Mwalimu Yudith aliingia na mzee wa koti la kahawia, kofia ya kitambaa kichwani, faili kwapani. Alionekana kushangaa kidogo alipopewa kiti, lakini alikaa. Nikamwendea kwa adabu zangu zote.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Naima ndiye wewe?”

“Ndiye mimi. Karibu sana. Hili ndilo andalio la leo.”

Akalipokea kwa mikono miwili, akalitazama juu mpaka chini, akaliweka mapajani. Nikasema moyoni, huyu ni wa wale wakali wasiosema.

Nikafundisha. Jamani nilifundisha! Somo lilikuwa upepo wa bahari na upepo wa nchi kavu, na watoto wale wengi wao maji makubwa waliyowahi kuyaona ni ya lambo la ng'ombe. Nikaleta mabeseni mawili mbele, moja la mchanga, moja la maji, yote yameshinda juani. Nikawaita watie mikono. Aliyegusa mchanga alirusha mkono juu, aliyegusa maji akatabasamu.

“Kipi kimewahi kupata moto?”

“Mchanga!”

“Basi hewa ya juu ya mchanga inapanda, na ile ya juu ya maji inakuja kuchukua nafasi yake. Mchana ukisimama ufukweni Tanga, upepo unakupiga usoni ukitoka baharini. Sisomi kwenye kitabu. Umenipiga mimi.”

Mazengo, yule mwanafunzi asiyepitwa na swali, akasimama. “Madam, kwani wewe umeingia baharini kweli?”

Hapo nikachukua kasia, refu kunizidi, nikakaa juu ya meza ya mbele na kuwaonyesha. Kushoto, kulia, kiuno kinageuka, mikono haihangaiki. Darasa zima likaanza kunipigia mdundo kwenye madawati. Nikawaambia wazi kwamba mwezi ujao nakwenda kupiga kasia kilomita ishirini, na kwamba nikiwa katikati ya ghuba nitautumia upepo huu huu wa mabeseni yao. Walishangilia mpaka darasa la jirani likanyamaza kusikiliza.

Kule nyuma mzee akanyoosha mkono.

Nilishtuka, maana wakaguzi hawaulizi maswali darasani. Nikajiambia hiyo ni mbinu ya kunipima nikiyumbishwa.

“Karibu mzee, uliza.”

“Mwalimu, umeolewa?”

“Bado mzee.”

“Ukiolewa, mumeo atakubali haya mambo ya majini?”

Watoto wakageuka wote kunitazama. Nikanyoosha mgongo. Hapo ndipo nilipojiona mjanja kuliko wajanja.

“Swali zuri sana, mzee. Atakayenioa yuko hapa hapa Chamwino, na kila Jumamosi yeye ndiye anayenipeleka Mtera na kunishikia saa. Jumamosi iliyopita nilipunguza dakika tatu, akarukaruka ufukweni mpaka akamwaga kahawa.”

Darasa likaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alilikunja andalio langu mara mbili, akalitia ndani ya faili lake, akasubiri kengele.

Tulipotoka nilimfuata kibarazani, fomu ya tathmini mkononi. “Mkufunzi, naomba maoni yako, hata kama ni makali.”

“Mimi si mkufunzi, mwanangu,” alisema taratibu. “Naitwa Uwesu. Ni baba mkubwa wa Yahaya.”

Simu yangu ikatetemeka tena mfukoni. Niliitazama kwa sababu sikujua pengine pa kutazama. Kundini waliandika kwamba mkaguzi mwenyewe alikuwa ameshapita Chamwino, yuko shule nyingine kabisa, na wala hakuwa na koti.

“Nisamehe mzee,” nilisema. “Nilidhani...”

“Nimeona ulivyodhani. Nilikuja kukuulizia ofisini, yule mama akanishika mkono, akaniweka darasani. Nikasema pengine ndio utaratibu wenu.” Akavuta pumzi. “Mimi ndiye ninayekwenda Kondoa Jumamosi na ile barua. Sipeleki barua ya binti ambaye sijamwona. Ndilo lililonileta.”

“Sasa umeniona.”

“Nimekuona. Unafundisha vizuri, mimi mwenyewe leo nimejua upepo unatoka wapi. Lakini Yahaya alituambia mambo ya kasia uliyaacha tangu mwaka jana. Kwamba uliyaacha kwa ajili yetu. Mama yake alilia kwa furaha siku ile, akasema binti huyu ana heshima.”

Nikashika nguzo ya kibaraza.

“Na Jumamosi anasema anakwenda wapi?” niliuliza.

“Mtera, kumnunulia mama yake samaki.”

Ni kweli, samaki alikuwa ananunua. Mara nyingine mimi ndiye niliyemchagulia, nikijua ni wa mama mkwe, nikichambua walionona.

“Nikuulize mara moja,” Mzee Uwesu akasema, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. “Ukiolewa, utaacha?”

Palikuwa na njia nyepesi mno. Neno moja tu, nitaacha, na Jumamosi mahari ingetajwa. Nilimpenda Yahaya kiasi cha kuacha chakula asipopokea simu, na mbele yangu alisimama mtu aliyeshika ufunguo. Lakini nilijua kwamba nikilitoa neno lile, kila Jumamosi ya maisha yangu ningekuwa mwongo ndani ya nyumba yangu.

“Sitaacha, mzee.”

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia bei na kuiona kubwa. “Nimempigia Yahaya aje kunichukua. Akifika, mwambie niko msikitini, adhuhuri imeingia.” Akavuka barabara, faili kwapani.

Yahaya alifika kabla ya dakika kumi, akitoka kwenye mashine yake ya kukamua alizeti. Alishuka kwenye pikapu akiwa na vumbi la maganda ya alizeti hadi kwenye kope, akaniona nimesimama peke yangu, akatabasamu. Tabasamu lile mimi huwa linaniyeyusha. Siku ile nililiacha likafa lenyewe usoni kwake.

“Baba mkubwa yuko wapi?”

“Anaswali. Una muda wa kuniambia uliwaeleza nini kuhusu mimi.”

Akaegemea mlango wa gari.

“Naima...”

“Uliniambia umezungumza nao. Ulizungumza nini?”

“Niliwaambia umeacha.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu mama alikuwa amekataa kabisa. Alisema hataki kukusikia. Nikaona nikisema umeacha, watakupokea. Ukishaingia ndani, wakikuzoea, tungewaeleza polepole.”

“Lini? Nikiwa na watoto watatu?”

“Nilikuwa nakutafutia njia.”

“Hukunitafutia njia mimi, Yahaya. Ulijitafutia wewe, usigombane na mama yako.” Nikamsogelea. “Wewe unanifunga jaketi okozi kwa mikono yako. Wewe unajua sekunde zangu kuliko mimi. Halafu ukifika nyumbani unanificha? Unanionea haya?”

“Sijawahi kukuonea haya!” Alisema kwa nguvu mpaka Mwalimu Yudith akachungulia dirishani, akajifanya anafuta kioo. Yahaya akashusha sauti. “Wallahi Naima, ukiwa kule katikati ya maji, mimi najisikia mtu mkubwa. Nawaambia wavuvi wote, yule ni wangu. Nilishindwa kumwambia mtu mmoja tu.”

“Mmoja ambaye nitaishi naye.”

Tulitazamana. Macho yake yalikuwa mekundu, na mimi, pamoja na hasira zangu zote, mkono wangu ulitaka kumfuta yale maganda kwenye kope. Niliufungia mfukoni.

“Utaniacha?” akauliza.

“Hilo sijui. Ninalojua, barua yenye mimi wa uongo ndani yake haiingii nyumbani kwa baba yangu. Baba mkubwa wako anakuja. Usiniombe msamaha mimi. Sema naye, mimi nikiwa nasikia.”

Mzee Uwesu alikuwa anavuka barabara kurudi. Yahaya alijifuta uso kwa kiwiko, akamwendea hatua tatu, akaamkia. Kisha akasimama wima kama siku ya kwanza nilipomwona anafunga kamba.

“Baba mkubwa, niliwadanganya. Naima hajaacha kupiga kasia. Mimi ndiye ninayempeleka. Na sitaki aache.”

“Kwa nini ulidanganya?”

“Niliogopa nyinyi mtamkataa.”

“Na sasa huogopi?”

Yahaya akanitazama. “Sasa naogopa yeye atanikataa mimi. Hiyo ni kubwa zaidi.”

Mzee alihamishia faili kwenye kwapa la pili. Kisha akasema, “Mimi umeniambia. Mimi si mama yako.”

Yahaya akatoa simu. Nilidhani angesogea pembeni, lakini aliiweka kwenye boneti ya gari, akafungua sauti kubwa ili tusikie wote. Iliita mara nne.

“Yahaya, umekula?” ilisema sauti ya mama yake.

“Shikamoo mama. Mama, nina jambo. Nilikudanganya kuhusu Naima. Hajawahi kuacha mambo ya majini. Mwezi ujao anakwenda Tanga kushindana, na mimi nakwenda naye, pamoja na shangazi yake.”

Nikasikia jogoo wa huko kwao.

“Kwa hiyo nilishukuru Mungu kwa uongo,” mama akasema.

“Ndiyo mama. Nisamehe.”

“Na barua?”

“Barua isiende kama hujaridhika. Lakini mama, sitampelekea barua binti mwingine. Nitakaa na mashine yangu ya alizeti mpaka nizeeke.”

Simu ikakatwa.

Tulisimama watu watatu tukiitazama ile simu kwenye boneti. Hii ndiyo iliyokuwa hofu yake mwaka mzima, na sasa imemtokea mchana kweupe, mbele yangu, kwa kunichagua mimi. Nilimpenda upya. Niseme ukweli, nilimpenda kuliko asubuhi.

Simu ikaita. Yahaya akaipokea.

“Huyo binti yuko hapo?”

“Yuko mama.”

Nikasogea. “Shikamoo mama.”

“Marahaba. Naima, wale samaki, nani alikuwa anawachagua?”

Sikulitarajia hilo hata kidogo. “Mimi, mama. Si kila wiki. Wale wakubwa ni mimi.”

“Nilijua. Yahaya hajui samaki.” Akakohoa. “Utaacha?”

“Hapana, mama. Nitafundisha, nitatunza nyumba yangu, nitakuja kukuona, nitakuheshimu. Na Jumamosi nitapiga kasia. Sikutaka uyajue haya kwa mtu mwingine, na nasikitika umeyajua hivi.”

“Huogopi huko majini?”

“Naogopa mama. Kila siku ya kwanza baada ya mvua naogopa. Ndiyo maana navaa jaketi, na ndiyo maana namtaka mtu ufukweni.”

Nilisikia akivuta pumzi ndefu. “Mimi mambo hayo sijayapenda, na usidhani nitayapenda kwa sababu umejibu vizuri. Nikija kukuona umeharibika huko nitasema, na utanisikia nikisema.”

“Nitakusikia, mama.”

“Uwesu!” akaita. Mzee akasogelea boneti kama aliyeitwa ofisini. “Pelekeni hiyo barua. Na huyo mwanao mwambieni asinipigie simu mpaka hasira ziniishe.”

Akakata. Mzee Uwesu akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena, na kwa mara ya kwanza tangu aingie darasani kwangu nikamwona anatabasamu.

“Basi yamesemwa,” akasema. “Jumamosi asubuhi na mapema tunaondoka kwenda Kondoa, Yahaya atatupeleka kwa gari lake.”

Yahaya alikuwa ananitazama mimi, maana mama yake alikuwa amesema ndiyo ya kwake, baba mkubwa ya kwake, na ya kwangu alikuwa hajaipata.

Nilimwacha angoje kidogo. Alistahili. Kisha nikanyoosha mkono, mbele ya baba yake mkubwa, mbele ya Mwalimu Yudith na kile kioo chake kisichokwisha kufutwa, nikamtoa ganda la alizeti kwenye kope.

“Jumamosi haiwezekani, baba mkubwa,” nikasema. “Jumamosi huyu ana kazi Mtera. Nendeni Jumapili.”